Mlinzi wa Geti Mwenye Jina Lako

Mwende mwanangu,

Umetoka hapa saa saba na robo kwenda kusukwa Umoja, na kwa vile namjua msusi wako na mdomo wake, najua hutarudi kabla ya saa kumi na mbili. Nimefunga duka. Ndiyo, nimefunga, mchana kweupe, Ijumaa, siku ambayo mtaa mzima wa Mowlem huwa unataka kuprinti kitu. Nimebandika karatasi mlangoni: "Tutafungua kesho." Wateja watanisema. Wacha waseme.

Nilianza kukuandikia kwenye kompyuta. Mkono ukaenda wenyewe kwenye kile kiolezo chetu cha barua rasmi, anwani juu kulia, tarehe, "Kuh:" kwa herufi nzito, na kabla sijajua nimeandika KUH: SAFARI YAKO YA NAKURU. Nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Ungekuwapo ungesema, "Mathe, hata mimi ni mteja?" Basi nimezima mashine, nikarudi nyumbani, nikachukua kalamu. Utanisamehe mwandiko, mkono huu umesahau kazi hiyo.

Mambo ya sweta, chakula na komeo la mlango sitayataja. Baba yako ameyasema tangu Jumapili, na kwa vile yeye ni dereva wa lori na ameshalala Nakuru mara kadhaa, anajiona waziri wa mji huo. Msikilize tu. Akianza kukuhutubia ujue anazuia machozi.

Mimi nina jambo moja. Jumatatu jioni nilikuwa napandisha ndoo ya maji, na wewe ulikuwa umekaa kwenye ngazi na Akinyi wa jirani. Sikukusudia kusikiliza, lakini nilisikia. Akinyi alikuwa anakupongeza kwa kazi ya Nakuru, nawe ukamwambia, "Naenda, lakini watanigundua. Ile ofisi ya kwanza si hata kuniita hawakuniita? Waliona kitu." Akinyi akasema, "Zii, wewe! Wachana na hayo." Mimi nikasimama pale na ndoo yangu mpaka maji yakanilowesha viatu.

Mwende, mimi ndiye ninayejua kwa nini hawakukuita. Nimejua kwa miaka miwili. Leo nitakuambia, lakini niache nifike kwa njia yangu, kwa sababu unanijua: neno gumu halinitoki kabla sijatoa mawili matatu mepesi.

Nianze na babu yako, baba yangu, ambaye hukumkuta. Unajua alikuwa mchonga vinyago kule Shauri Moyo, Mkamba wa kwanza kwenye ploti yetu na wa mwisho kulala, maana tindo lake lilikuwa linagonga mpaka majirani wanagonga ukuta. Yeye alichonga swala. Swala tu. Na alikuwa na mmoja aliyemwita "mama". Huyo hakuuzwa. Alikaa juu ya rafu, na kila swala mpya alipimwa kwake: mguu, shingo, pembe. Baba alikuwa anachukua kijiti, anampima mama, kisha anarudi kwenye mti wake. Swala wake walitoka wote sawasawa, hata wenye maduka mjini walikuwa wanawaagiza kwa jina lake.

Siku moja, Krismasi imekaribia na sisi watoto hatuna viatu, akaja mtu akamtaka yule mama. Baba akamuuza. Akasema si kitu, nitapimia huyu niliyemaliza juzi. Akapimia wa juzi. Halafu wa leo akapimiwa wa jana, na wa kesho akapimiwa wa leo. Hakuna aliyeona chochote, kwa sababu kila mmoja alifanana na ndugu yake wa karibu. Kufika Pasaka, mzungu mmoja akashika swala wetu, akamgeuza, akamuuliza baba kwa upole kabisa kama huyo ni nguruwe. Ee! Mama yangu alicheka mpaka akakaa chini. Baba akachukua kijiti akawapima swala wote. Miguu ilikuwa imepungua kidogo kidogo, upana wa ukucha kila mara, na shingo nayo ikaiga miguu.

Mimi nilikuwa na miaka kumi, nikacheka kuliko wote. Halafu nikakua, nikajifunza taipu, nikafungua duka langu la kompyuta, nikafanya vilevile alivyofanya baba.

Unakumbuka nilivyokuwa nafanya kazi kabla hujaja kunitengeneza. Mtu akija anataka programu ya mazishi, namfungulia ya marehemu wa wiki jana, nafuta jina, naweka jina. Akija wa harambee, namfungulia kadi ya harambee ya mwisho. Sikuwa na kiolezo hata kimoja. Nilikuwa na wateja waliopita, na kila mteja mpya nilimvisha nguo ya aliyetoka. Maua ya pembeni yalikuwa yananiumiza kichwa kuyapanga, basi nikipata maua yaliyokaa vizuri siyaachi.

Na hapo ndipo alipopatikana yule bibi harusi wa kanisani kwetu, Kavata. Hiyo hadithi unaijua, lakini sijawahi kukuambia yote. Nilichukua programu ya mazishi ya mzee mmoja, kwa sababu ilikuwa na waridi zuri, nikaigeuza kuwa ya harusi. Nikabadilisha picha, majina, nyimbo, kila kitu ukurasa wa kwanza na wa pili. Nakala mia mbili, karatasi ya kung'aa. Siku ya harusi nimekaa benchi la tatu na kofia yangu mpya. Mchungaji ni mmoja wa wale wa kusoma kila kitu kilichoandikwa, hata wakiambiwa wasisome. Akasoma, "Saa nne, maharusi kuingia. Saa nne na nusu, maombi. Saa tano, jamaa na marafiki kuutazama mwili."

Nyanya wa bwana harusi akapiga yowe. Mimi nikaanza kuitafuta sakafu inimeze. Na Kavata, Mungu ambariki yule msichana, akaangua kicheko pale mbele, akacheka mpaka shela ikamtoka, na kanisa lote likamfuata. Mpaka leo akija dukani huniuliza, "Mama Mwende, mwili uko wapi?" Naye ni mteja wangu wa kudumu.

Ambalo sijawahi kukuambia ni hili: kwa vile walicheka, mimi nilijiona nimesamehewa na yameisha. Sikubadilisha chochote. Jumatatu yake nilifungua programu ya harusi ya Kavata, nikaigeuza kuwa ya ubatizo.

Sasa nafika. Miaka miwili iliyopita ulikuwa umemaliza diploma yako ya ukarani, na ile ofisi ya bima mjini ilikuwa inatafuta makarani wanagenzi. Uliitaka kazi hiyo, Mwende. Ulikuwa unapita mbele ya lile jengo hata kama huna shughuli mtaa huo. Siku ya mwisho ya kupeleka maombi ukaamka na homa, huwezi hata kushika kikombe. Barua ulikuwa umeshaiandika kwa mkono kwenye daftari, ukurasa mzima, ukanipa niitaipu. Na kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa niipeleke moja kwa moja kutoka dukani, ulichukua karatasi nyeupe, tupu, ukatia sahihi yako chini ukiwa umelala ubavu. Ukaniambia, "Mathe, utaprinti juu yake." Ulinipa sahihi kwenye karatasi isiyo na neno hata moja.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimemwandikia barua ya kazi mzee Wafula, yule mlinzi anayekaa Mukuru kwa Reuben, na barua yake ilikuwa imekaa vizuri sana kwenye ukurasa. Basi nikaifungua. Nikabadilisha anwani, nikabadilisha tarehe, nikaweka kichwa cha barua yako, nikaandika aya yako ya kwanza. Hapo akaingia mtu na haraka zake za fotokopi ya kitambulisho, na nyuma yake mwingine, na mwingine. Niliporudi kwenye kiti niliona jina lako juu na nafasi ya sahihi chini, ukurasa umejaa, umenyooka, unapendeza. Nikaprinti. Sikusoma. Nikatia kwenye bahasha, nikafunga duka, nikaipeleka mjini mwenyewe kwa miguu yangu, na nikajiona mama bora wa Eastlands.

Wiki moja baadaye Wafula akarudi kutaka nakala nyingine ya barua yake. Nikaifungua. Juu kuna jina lako. Na chini ya aya yako nzuri ya kwanza, aya ya pili inasema hivi, naikumbuka kama Baba Yetu: "Kwa miaka saba nimelinda geti la kiwanda usiku bila kusinzia. Ninawafahamu mbwa wakali na wao wananifahamu. Nina kofia, rungu na buti zangu mwenyewe."

Na chini yake, kwenye ile karatasi niliyoipeleka mjini, sahihi yako.

Sasa hivi unaweza kuwa unacheka. Cheka, nakuruhusu, hata mimi nimetabasamu nikiandika hizo buti. Lakini siku ile sikucheka. Wafula alikuwa amesimama mbele yangu na kofia mkononi, akaniuliza kama naumwa. Nikamwandikia barua yake upya, bure. Alipata kazi, kwa njia. Alikuja kunishukuru na kuku.

Kwa nini sikukuambia? Nimejiuliza sana. Siku ile ulikuwa bado unangoja simu, unaiweka karibu na sahani ukila. Nikasema nitamwambia kesho. Nikapiga simu kule ofisini nieleze, msichana akaniuliza, "Nani anaongea?" nikakata. Aki ya Mungu, mtu mzima na nyumba yake, nikakata simu kama mwizi. Mwezi ukapita. Ukaanza kuweka simu mbali. Siku moja ukiwa unakunja nguo ukasema, bila hata kulia, "Labda mimi si mtu wa ofisi." Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Badala yake nikakuambia, "Mungu ana mpango wake, mwanangu." Nilimsingizia Mungu, Mwende. Nilimtwika makosa yangu na nikaendelea kukaanga vitunguu.

Halafu ukaja kukaa nami dukani, ati kwa muda tu, mpaka upate kitu kingine. Na kumbuka ulichofanya wiki ya kwanza. Ulikaa nyuma yangu ukanitazama nikimfungulia mtu kazi ya mtu. Ukauliza, "Mathe, hii ni ya nani?" Nikasema ya marehemu wa Jumamosi. Ukashika kichwa. Ukasema, "Hiyo ni noma. Si uwe na kiolezo kitupu? Ukikifungua kinakupa nakala mpya, chenyewe kinabaki safi." Sikuelewa. Ukanisukuma kwa kiti, ukaketi.

Siku tatu ulifanya kazi ile. Ulichukua mazishi, harusi, ubatizo, harambee, mkataba wa nyumba, barua ya kazi, ukaviondolea vyote majina, ukavitengenezea mifupa mitupu. Kila mahali pa kujaza ukapaka rangi ya njano, na ukanipa sheria: njano ikibaki hata moja, printa isiguswe. Ukanifundisha kwamba vichwa vya habari vina mtindo wao, ukibadilisha mmoja vyote vinabadilika, hakuna haja ya kupita kimoja kimoja na kijasho. Na ukanigombeza kuhusu spesi, kile kitufe cha kuachia nafasi. "Mathe, unapiga hiyo kitu kama unapura maharagwe! Weka jedwali." Wateja waliokuwa kwenye foleni walikuwa wanacheka, na mimi nilikuwa nacheka, na kwa kweli nilikuwa na furaha ambayo sijui nikuelezeje. Mtoto wangu alikuwa ananifundisha kazi yangu.

Lakini ulipofikia kiolezo cha barua ya kazi ulisema, "Ona hapa. Mtu anaweza kutuma barua ya mwenzake na asijue." Mimi nikasimama nikaenda kuosha vikombe. Vilikuwa visafi. Ukaniuliza mbona nafuta macho, nikasema moshi wa jiko la chips la mlango wa pili. Mficha uchi hazai, na mimi nilikaa na huo uchi wangu nikiutazama kila siku kwenye kioo cha kompyuta, kwa rangi ya njano.

Ulitengeneza kinga ya kosa ambalo lilikuwa limeshakuumiza wewe, na hukujua. Hapo ndipo nilipokuona, Mwende. Nilikuwa na mtu wa ofisi kamili amekaa kwenye kiti changu kilichovunjika mguu, anauza fotokopi, kwa sababu mama yake hakusoma aya ya pili.

Sasa njoo Nakuru. Nimekusikia ukimsimulia baba yako, lakini wewe husimulia kama vile ilimtokea mtu mwingine. Niache nikusimulie mimi. Siku ya usaili wale mawakili walikupa mkataba wa kurasa arubaini, umeandikwa na watu watano, kila mmoja na herufi zake, nambari zimerukaruka, kurasa zingine zimelala upande. Wakakupa saa moja uunyooshe. Wewe ukaweka mitindo, ukapanga nambari zijihesabu zenyewe, ukatengeneza orodha ya yaliyomo mbele, ukamaliza saa haijafika nusu. Halafu, na hili ndilo linalonifanya nitembee Mowlem kifua mbele, ukawaambia kuna jina la mtu kwenye ukurasa wa thelathini na moja ambaye hayumo kwenye mkataba huo. Ametoka mkataba mwingine. Wakaangaliana. Yule mama aliye mkubwa wao akauliza, "Umeonaje?" Ukasema, "Nimesoma."

Uliporudi na habari hiyo nilipiga kigelegele mpaka Mama Akinyi akatoka na mwiko. Baba yako akanunua soda za ploti nzima. Sijawahi kuona nyumba hii imejaa furaha namna ile, na katikati ya furaha hiyo mimi nikaikumbuka ile barua. Nikasema moyoni, basi, Mungu amelipa mwenyewe, imeisha, hakuna haja ya kufukua. Mpaka Jumatatu kwenye ngazi.

Maana haijaisha. Umeshinda mtihani mbele ya mawakili, lakini ile ofisi ya bima bado imekaa ndani yako inakuambia ilikuona na ikakukataa. Haikukuona, mwanangu! Hakuna mtu pale aliyewahi kusoma barua yako. Barua yako iko kwenye daftari, ninayo, ni nzuri, ina ule mstari kuhusu kupenda karatasi iliyonyooka. Waliosoma pale walisoma barua ya mlinzi mwenye umri wa kukuzaa, wakaona jina la msichana wa diploma chini yake, na kama waliitupa sitawalaumu. Walimkataa Wafula. Wewe bado hujakataliwa na mtu hata mmoja katika maisha yako ya kazi. Umeomba kazi mara moja tu ya kweli, na umeipata.

Sitakupa mawaidha, maana mtu aliyekaa miaka miwili na uongo hana kiti cha kukalia akitoa mawaidha. Nitakuambia tu nilichokiona kwangu. Kosa lenyewe lilikuwa la dakika tano na lingetengenezwa kwa simu moja. Yaliyobaki yote, miaka hiyo miwili, ilikuwa ni mimi kuogopa uso wako. Utakosea huko, lazima ukosee, na utakosea kwenye karatasi za watu wenye vyeo. Ukiona umekosea, nenda umwambie aliyeumia kabla chai haijapoa. Mimi sikuweza, na nilikuwa namwambia mtoto wangu mwenyewe anayenipenda.

Na kingine, si ushauri, ni kukiri. Sehemu moja ya moyo wangu ilifurahi ulivyokaa dukani. Nimeandika sentensi hiyo nikaitazama sana. Nilifurahi kusikia ukiimba nyuma yangu, nilifurahi mtu wa kugombana naye kuhusu spesi. Nilijiambia sikuambii ili usiumie, na kumbe kuna asubuhi nyingi nilinyamaza kwa sababu ukijua ungeomba tena, na ungeondoka. Hilo nalo unastahili kulijua.

Nilikuwa nimepanga kuitia barua hii kwenye begi, katikati ya mashuka, uikute huko huko ukiwa peke yako. Nimeona saa hizi kwamba huo ni ule uoga wa siku zote, umebadilisha nguo tu. Ukiisoma Nakuru utakasirika Nakuru, utalia Nakuru, na utapiga simu useme, "Hakuna shida, mathe," kwa sababu ndivyo ulivyo. Mimi nitaponyoka tena.

Kwa hiyo nitakupa mkononi, ukiingia tu, kabla hujanionyesha nywele. Utasoma hapa mezani, nami nitakaa mbele yako nikuone uso. Simu nimezima. Baba yako nimemwambia asirudi mpaka nimwite, amekwenda kwa fundi wa lori ananung'unika. Una jioni nzima ya kunikasirikia nikiwa karibu, na ukinyamaza nitangoja, na ukipiga kelele ploti isikie, isikie. Useme lolote. Ila usiniambie hakuna shida.

Nakusikia huko chini, unacheka na Mama Akinyi. Unapanda. Mwende, ni mimi niliyekukosesha ile kazi. Wewe hukupungukiwa na kitu.

Mlango uko wazi.

Mama yako,
Ndunge